Barua ya wazi kwa wanaotunza askari na kuahidi imani ya raia

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji na wajumbe wote wa bodi

YAH: USTAWI WA ASKARI NA IMANI YA JAMII NI KAZI MOJA

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wajumbe,

Shirika lenu limebeba majukumu mawili ambayo wengine huliogopa hata moja. Mnasema mnatunza afya ya watu wanaolinda usalama wetu, mwili na akili: polisi, zimamoto, wahudumu wa ambulensi, wapokea simu za dharura. Papo hapo mnasema mnajenga imani kati yao na raia. Jukumu hilo la pili mmetuahidi sisi, tena mbele za watu, kwa hiyo nimeona niwaulize mbele za watu.

Nilifanya kazi ya kupokea simu za dharura kwa miaka mingi. Kazi ile inakuweka katikati. Huku unamsikia mtu analia, huku askari anauliza kwenye redio nyumba ni ipi na kama kuna silaha. Huwezi kuchagua upande, kwa sababu ukimsikiliza vibaya mmoja unamhatarisha mwenzake. Labda ndiyo maana taarifa zenu za mwaka zinanishangaza. Zina sehemu mbili zisizojuana. Sehemu ya ustawi ina semina, washauri nasaha na mazoezi ya viungo. Sehemu ya jamii ina mechi za mpira kati ya polisi na vijana, siku ya wazi kituoni, na picha za watoto waliovishwa kofia za zimamoto. Watumishi tofauti, bajeti tofauti, wafadhili tofauti. Mechi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na huo ukuta katikati, kwa sababu ushahidi uliopo unaonyesha kwamba raia hupokea mlangoni kwake kile ambacho askari amekipokea kwa mkubwa wake.

Niwape mfano ambao ningependa kila mjumbe wa bodi aujue. Mwaka 2009 na 2010 polisi wa Queensland, Australia, walikubali kujaribu jambo dogo mjini Brisbane. Operesheni 60 za kupima madereva kilevi barabarani ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu ziliendeshwa kama kawaida. Katika nusu nyingine askari walipewa maneno ya kufuata: mweleze dereva kwamba amesimamishwa kwa nasibu, hakuchaguliwa, mwambie kwa nini kazi hii inafanyika, muulize maoni yake kuhusu usalama, mshukuru. Mazungumzo hayo hayakufika hata dakika mbili. Madereva waliozungumzishwa vile walijaza dodoso wakiwa na maoni mazuri zaidi kuhusu polisi kuliko wenzao. Habari zikaenea, na watu wa mashirika kama lenu wakafurahi: kumbe imani inaweza kufundishwa kwa karatasi moja.

Uskoti wakaiga. Lilikuwa jaribio la aina ileile, majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014, wakati wa kampeni ya usalama barabarani ya sikukuu. Matokeo yakageuka. Kule ambako maneno mapya yalitumika, kuridhika na imani ya madereva vilishuka vikilinganishwa na kule ambako hakuna kilichobadilishwa. Watafiti Sarah MacQueen na Ben Bradford walirudi kuwauliza askari kulikoni. Walichokuta ni hiki: Aprili 2013 vikosi vinane vya polisi vya Uskoti vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja. Askari walikuwa wameletewa mabadiliko mfululizo, morali imeshuka, na jaribio lenyewe likawafikia kama agizo jingine kutoka juu, bila maelezo ya kutosha na bila kuulizwa. Waliona wakubwa wao hawawatendei haki. Kisha wakapewa karatasi waende barabarani wakawatendee haki wengine.

Kabla hamjaidhinisha semina nyingine ya lugha nzuri kwa raia, naomba mjadili mfano huo wa Uskoti walau nusu saa.

Haukuwa ajali ya Uskoti tu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa askari wa doria wa Chicago, na miongoni mwa waandishi wake alikuwa Tom Tyler, mwanasaikolojia ambaye kwa miongo kadhaa amechunguza kwa nini watu hutii sheria. Askari walioona idara yao inawasikiliza, haina upendeleo na inawaheshimu walikuwa na msongo mdogo, waliwaamini raia zaidi, na waliunga mkono zaidi upolisi unaoheshimu haki za watu. Ni dodoso, na dodoso haliwezi kuthibitisha nini kimesababisha nini. Lakini tazameni: utafiti mmoja, chanzo kimoja, na ndani yake mnakuta sehemu zote mbili za taarifa yenu ya mwaka. Hata kikosi kazi cha Rais wa Marekani kuhusu upolisi wa karne ya 21, kilichotoa ripoti yake Mei 2015, kilianza na nguzo ya imani na kumalizia, katika nguzo ya sita, na ustawi wa askari. Waliona zote zinabeba paa moja.

Basi ustawi wenyewe uwe wa namna gani?

Nianze na jambo lisilo na picha nzuri ya kumpelekea mfadhili, yaani usingizi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Katika nchi nyingi kiasi hicho kinatosha kukukataza kuendesha gari. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa polisi 4,957 wa Marekani na Kanada. Takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa na dalili za tatizo moja au zaidi la usingizi, na hao ndio walioripoti zaidi kusinzia kwenye usukani, kukosea katika makaratasi, na kupandwa na hasira isiyozuilika dhidi ya raia au mtuhumiwa. Rudieni hilo la mwisho. Malalamiko mengi yanayofika kwenye meza zenu kwa jina la "lugha chafu" au "nguvu kupita kiasi" huenda yalianza kitandani, kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku, akaitwa mahakamani asubuhi kutoa ushahidi, akarudi lindo jioni.

Mwaka huohuo wa 2011 taasisi ya Police Foundation ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio la zamu lililofanyika Detroit na Arlington, Texas. Walilinganisha zamu za saa 8, saa 10 na saa 12. Wa saa 10 walilala zaidi na walifanya saa za ziada chache kuliko wa saa 8. Wa saa 12 walikuwa na usingizi zaidi na umakini wao kazini ulikuwa mdogo. Sisemi saa 10 ndiyo dawa ya kila kituo. Kuna vituo vyenye watu wachache ambao hata saa 12 haziwatoshi. Nasema ratiba ya zamu ni suala la afya, na ninyi hamjawahi kuligusa.

Mtaniambia ratiba ni ya makamanda. Ni kweli. Lakini ni ninyi mnaokaribishwa kwenye ofisi zao, mnaokata nao utepe, mnaowapa ngao za shukrani kila mwisho wa mwaka. Ukaribu huo una thamani gani kama hautumiki kusema neno gumu? Askari akikaa na mshauri nasaha wenu na kufunguka, mara nyingi hataji maiti aliyoiona. Anataja uhamisho wa ghafla, likizo iliyofutwa, mkubwa anayemfokea mbele ya wadogo zake, kesi ya nidhamu inayoning'inia bila tarehe. Watafiti wa msongo wa polisi wamelisema hili mara nyingi: taasisi yenyewe huwachosha askari kiasi kilekile cha mitaani, na wakati mwingine zaidi. Mkimpa mazoezi ya kupumua kisha mkamrudisha kwa mkubwa yuleyule, mmemfundisha kuvumilia. Si haba, ila msiiite tiba.

Na kuna kingine ambacho mnakifanya kwa nia njema na ningewashauri mkiache. Ni kile kikao cha lazima baada ya tukio baya. Watu hukusanywa, kila mmoja aeleze alichoona na alivyojisikia, mara moja, kisha kila mtu ashike njia. Mtindo huu ulianzishwa na Jeffrey Mitchell, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na ambulensi, akauandika mwaka 1983, na ulienea haraka kwa sababu ulijaza pengo ambalo hakuna aliyekuwa analijaza. Kisha ukapimwa. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 1997, watu walioungua moto wakafanyiwa kikao cha namna hiyo, mmoja mmoja au na mwenza, walifuatiliwa kwa miezi 13. Asilimia 26 yao walikuwa na maradhi ya kiwewe, ilhali kwa wasiofanyiwa ilikuwa asilimia 9. Mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba kuwalazimisha waathirika kwenye vikao hivyo kukome, na mwaka 2005 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ukashauri visitolewe kama kawaida. Watetezi wa Mitchell hujibu kwamba yeye alivikusudia kwa makundi ya wafanyakazi, si kwa mgonjwa mmoja mmoja wodini, tena kama sehemu ya mpango mrefu zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haihalalishi neno "lazima".

Kinachosaidia hakina haraka. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, chakula, usingizi, mtu wa karibu, na taarifa za kweli juu ya kinachoendelea. Baadaye, yule ambaye dalili hazimwachi anahitaji tiba ya kuzungumza inayolenga kiwewe chenyewe, wiki kwa wiki, kwa mtaalamu aliyesomea. Katikati ya hapo ndipo askari mwenzake aliyefunzwa kusikiliza anafaa kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hahitaji kuelezwa harufu ya moshi ikoje. Wenzao hawa mnao. Mnawapa fulana. Wapeni muda: wapunguziwe zamu, na wao pia wawe na mtu wa kuwasikiliza.

Naomba ruhusa niseme kidogo juu ya chumba nilichotoka. Kwenye vipeperushi vyenu mpokea simu anatajwa mwisho, akitajwa. Katika orodha rasmi ya kazi ya Marekani ya mwaka 2018, watu hawa wamewekwa kwenye kundi la kazi za ofisi na ukarani. Ilhali mwongozo wa maradhi ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unatambua kwamba mtu anaweza kupata kiwewe kwa kukutana tena na tena, kwa sababu ya kazi yake, na undani wa matukio ya kutisha, hata kama hakuwepo yalipotokea. Aliyesikia mtoto akiacha kupumua simuni hajui mwisho wake ulikuwaje. Gari likifika, simu inakatwa, na nyingine inaita. Kuwapigia wapokea simu hawa siku ya pili na kuwaambia tukio liliishaje hakugharimu kitu. Nilikuwa nikiuliza na kuambiwa si kazi yangu kujua.

Sasa nifike mahali ambapo barua hii itawaudhi.

Polisi wanapomuua mtu, kwa haki au kwa kosa, usiku uleule kuna watu wawili walioharibikiwa: askari na familia ya marehemu. Askari anapata mwenzake wa kukaa naye, likizo, namba ya mshauri nasaha iliyolipiwa na ninyi. Anastahili, na sitaki mtu apunguze hata senti. Familia inapata msemaji wa jeshi kwenye runinga. Inasubiri ripoti ya daktari, inasubiri mwili, inasubiri kuambiwa jina la mpelelezi. Watoto wa mtaa ule waliochungulia dirishani wanaenda shuleni kesho yake kama kawaida. Hakuna kwenye shirika lenye neno "jamii" katika jina lake anayepiga hodi kwao.

Najua kwa nini. Wanasheria wenu wamewaambia kwamba kupiga hodi kutaonekana kama kukiri kosa, na makamanda wataona mmewageuka. Basi hapo ndipo kipimo chenu kilipo. Imani ambayo inaishia kwenye utepe wa polisi ni imani ya watu ambao hawajapatwa na kitu. Kumlipia mtoto wa marehemu mtaalamu wa kiwewe hakusemi nani alikosea. Kunasema tu kwamba mtoto ameumia. Mnaweza kuwa na watumishi wawili tofauti, faili mbili tofauti, hata jengo tofauti, ili siri ya huyu isimfikie yule. Lakini mfuko uwe mmoja.

Na kwa sababu nimetaja siri: wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Askari anaijua methali hiyo, ila amejifunza kwamba kwake kinachoumbua ni kuyataja. Akisema hapati usingizi, huenda atanyang'anywa silaha, atahamishiwa ghala, na wenzake watanong'ona. Katika nchi kadhaa vifo vya askari waliojitoa uhai vimewahi kuzidi vya waliouawa kazini. Kwa hiyo andikeni kwenye ukurasa mmoja, kwa lugha ya kawaida, nini mshauri wenu atakificha na nini hawezi kukificha: hatari ya mtu kujiumiza au kuumiza wengine, na yale ambayo sheria inamlazimu kuripoti. Mfanyakazi wenu akikutana na kamanda, asitaje jina hata kwa kusifia. Jina moja likivuja, mlango wenu hautabishwa tena kwa miaka.

Siri hiyo isiwe pazia la makosa, lakini. Nimeona neno "ustawi" likianza kutumika kama ngao. Askari anatuhumiwa kumpiga mtu, na mara taarifa inatoka kwamba anapitia kipindi kigumu na jamii imwelewe. Tutamwelewa. Uchunguzi na uendelee. Msongo unaweza kueleza kosa na unaweza kupunguza adhabu, lakini aliyepigwa hana deni la kumtuliza aliyempiga. Shirika lenu lisitoe tamko juu ya kesi iliyo mezani, wala lisichangie gharama za wakili wa upande wowote. Mkichangia siku moja tu, raia watakuwa wamepata jibu la swali ambalo wamekuwa wakijiuliza, kwamba ninyi ni wa nani.

Swali hilo wanajiuliza kwa sababu nyingine pia. Fedha zenu zinatoka wapi? Kama miongoni mwa wafadhili kuna kampuni inayowauzia polisi vifaa, tuambiwe ni ipi na imetoa kiasi gani. Kama robo tatu ya bodi ni makamanda wastaafu, msituambie bodi inawakilisha jamii kwa kuwa kuna mchungaji mmoja na shehe mmoja. Mtu aliyewahi kulalamikia polisi, malalamiko yake yakachunguzwa na kukutwa ya kweli, angefaa sana kukaa kwenye kiti cha bodi. Na askari wa cheo cha chini, aliye kazini leo, anayerudi zamu usiku wa kikao, angefaa kukaa pembeni yake.

Taarifa yenu ijayo itaje kilichoshindikana. Nimesoma tano, na kila mradi umefanikiwa. Mnahesabu waliohudhuria semina, wala hamhesabu waliorudi kwa hiari yao kuomba msaada. Mnapima kama washiriki waliridhika, lakini hampimi saa walizolala, siku ambazo malalamiko ya raia hukaa bila kujibiwa, au muda ambao askari husubiri kujua hatima ya kesi yake ya nidhamu. Watu wa Uskoti walichapisha jaribio lililowaendea kombo, na kwa kufanya hivyo wametufundisha zaidi ya mafanikio mengi yaliyochapishwa kwa rangi.

Ninachoomba ni kwamba bodi ijadili mambo haya na kutoa majibu kwa maandishi, yawekwe mahali ambapo askari na raia watayasoma wote. Mengine yanahitaji fedha, nafahamu, na mengine yanahitaji mwaka au zaidi. Simu ya kumjulisha mpokea simu tukio liliishaje inaweza kuanza wiki hii. Kuondoa neno "lazima" kwenye kile kikao, vilevile.

Niko tayari kuja kwenye kikao chenu. Nimezungumza na mama mmoja aliyempoteza mwanawe mikononi mwa polisi, na askari mmoja wa doria ambaye bado yuko kazini. Wote wawili wamekubali kuja na kuketi meza moja. Wanaomba wasikilizwe mwanzoni, kabla ajenda haijapitishwa, wasiwekwe kwenye mengineyo.

Wenu katika kazi,

Mpokea simu za dharura mstaafu